Barua Aliyoisoma Kwabena

Madras, 12 Septemba 1988

Dada Priska,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na kuku wako na yule mbuzi mkorofi. Mimi sijambo. Joto la huku silizoei, lakini chakula nimekizoea, hata pilipili. Nisalimie majirani wote hapo Chamwino, Mchungaji Bartolomayo, na Lameck ambaye uliandika kwamba amekuzibia paa.

Kozi imekwisha tangu Ijumaa. Nimefaulu. Walimu wenzangu pale shule ya wasioona Buigiri waambie nimejifunza jambo moja kubwa kuliko yote ya darasani: namna ya kumfundisha mtoto asiyeona kutembea peke yake kwa fimbo ndefu. Kabla ya kumfundisha mwenzako sharti uweze mwenyewe. Tangu Machi navuka barabara za mji huu peke yangu. Sikukuandikia mapema kwa sababu ungekosa usingizi.

Sasa habari yenyewe. Tiketi yangu ni ya Februari. Katikati hapa nina miezi mitano, na nimeamua kwenda kusini kutembelea shule za wasioona, huku nikitembea kama watembeavyo vijana wa Kizungu, begi mgongoni, leo hapa kesho pale. Ninao wenzangu wawili. Mmoja ni Kwabena, Mghana aliyekuwa akisomea kilimo, mwenye sauti nzito na miguu mirefu. Wa pili ni Anneke, muuguzi kutoka Uholanzi, ambaye tulikutana naye kwenye foleni ya tiketi za treni akagombana na karani kwa niaba yetu. Wote wawili nimewafahamu mwezi huu tu. Najua utasema nini.

Tena chuo kimeniomba nibaki miaka miwili nifundishe. Sijawajibu.

Barua hii naipiga kwa taipureta ya chuo. Safarini sitakuwa nayo, kwa hiyo Kwabena ataniandikia. Hajui Kiswahili hata neno. Namtajia silabi moja moja, naye anaziandika. Zako atanisomea vivyo hivyo. Jana tumejaribu na ile barua yako ya Julai, akaisoma kama mtoto wa darasa la kwanza, na nikaelewa yote. Andika herufi zinazosomeka, utume kwa anwani ya chuo, watanipelekea nilipo. Na usiogope kuandika la ndani. Anayesoma haelewi.

Mdogo wako,
Kefa


Chamwino, 1 Oktoba 1988

Mdogo wangu Kefa,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Sisi huku hatujambo, ila mafua. Mvua bado. Tunasafisha mashamba na vumbi ni lile lile la siku zote. Siku hizi Dodoma mjini sabuni ipo, sukari ipo, nguo za mitumba zimejaa sokoni mpaka chini. Nimekununulia shati la bluu. Najua huoni bluu lakini kitambaa ni kizuri, utakishika mwenyewe.

Mchungaji anakusalimu. Lameck anakusalimu. Ameweka mabati mawili mapya upande wa jikoni. Mkewe alifariki mwaka juzi, unakumbuka, na watoto wake sasa ni wakubwa kidogo. Anakuja hapa kuzungumza. Watu wanasema maneno. Waache waseme.

Kefa, habari ya kutembea peke yako barabarani sikuipenda. Nimeisoma mara mbili nikaiweka chini. Tangu ukiwa mtoto mpaka unaondoka hukuwahi kutoka nje ya ua huu bila mkono wangu. Nilikupeleka Buigiri kwa miguu kila mwanzo wa muhula na nilikuja kukuchukua. Sasa huyo Kwabena anakushika upande gani? Mwambie wewe unashikwa upande wa kushoto.

Miaka miwili ni mingi. Lakini wewe ni mtu mzima, siwezi kukuamulia.

Nifikishie salamu zangu kwa hao wenzako. Waambie nashukuru.

Dada yako,
Priska


Madurai, 20 Oktoba 1988

Dada Priska,

Shikamoo, na pole na mafua. Mimi nina malengelenge miguuni lakini ni mzima. Salamu zako nimezifikisha. Kwabena anauliza kwa nini upande wa kushoto. Nimemwambia hata mimi sijui.

Tumeshuka kwa treni mpaka Trichinopoly, tukakaa siku nne kwenye shule ya misheni. Kutoka pale tumekuwa tukipanda mabasi na kutembea. Anneke amebeba begi zito kuliko yeye. Ndani ana sufuria, na hajaipikia hata mara moja. Tunalala kwenye vyumba vya stesheni, au shuleni, na mara moja tulilala kwenye ghala la mchele, watu wakaja kutusalimia mpaka asubuhi. Wanadhani mimi na Kwabena tumetoka kijiji kimoja. Ungekuwa hapa ungependa masoko ya maua: unapita mahali unasikia asumini mpaka kooni, hatua kumi mbele ni samli, hatua kumi tena ni kinyesi cha ng'ombe, kama nyumbani. Kwenye mahekalu tunavua viatu, na mawe ya uani yanachoma nyayo kama majivu ya moto. Hapo natembea upesi kuliko wote.

Sasa nikuambie jambo. Hapa kuna hospitali ya macho. Anneke alinisumbua juma zima, nikakubali ili anyamaze. Daktari ni mama mtu mzima, mikono yake mikavu inanukia sabuni. Alinitazama muda mrefu, jicho la kulia, jicho la kushoto, akarudia la kulia. Kisha akaniuliza, "Uliungua na nini?"

Nikamwambia sikuungua, niliugua surua nikiwa na miaka minne.

Akasema, "Surua inaweza kuwa ilikuwepo. Lakini kovu hili ni la kuungua. Kuna kitu kilitiwa machoni, tena kikali. Nimeona mengi ya namna hii vijijini kwetu."

Nikamwuliza kama panaweza kutengenezeka. Alinishika bega kabla ya kujibu, nikajua jibu. Alisema ningeletwa siku zile zile huenda wangeokoa kidogo, lakini sasa ndani pamekufa. Sikuumia sana, Dada. Kuona sikujui, na mtu haombolezi asichokijua. Lakini lile neno la kuungua nimetembea nalo siku tatu.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Lazima unakumbuka. Nani alinitia kitu machoni?

Kwabena anasema mkono umechoka.

Kefa


Chamwino, 8 Novemba 1988

Mdogo wangu Kefa,

Marahaba. Barua imefika. Sisi wazima. Mvua ya kwanza imenyesha juzi, ya kulaza vumbi tu, lakini watu wameshaanza kupanda uwele. Mimi nasubiri. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja amekufa. Mchungaji amepata baiskeli mpya.

Lameck ametuma wazee wawili. Unajua aliwahi kuwatuma mwaka sabini na tano, nikakataa. Sasa ametuma tena, na mimi si msichana. Nimewaambia wasubiri mpaka Kefa arudi. Wamesema watasubiri.

Habari ya daktari: ilikuwa surua. Mwaka ule ilipita nyumba hadi nyumba, watoto wengi walizikwa. Wewe ulibaki, tukamshukuru Mungu. Huyo daktari hakuwepo. Usiruhusu watu wakuchokoechokoe macho.

Miguu paka samli.

Priska


Nagercoil, 27 Novemba 1988

Dada Priska,

Shikamoo. Nafurahi kwamba mvua imeonekana. Huku imenyesha wiki mbili bila kupumzika, mabegi yetu yananuka kama mbwa. Anneke ametuacha. Baba yake mgonjwa, amerudi kwao. Alilia stesheni, nami nikamwazima leso asiyoirudisha. Sufuria ametuachia sisi.

Tulikwenda mpaka mwisho wa nchi. Kuna mahali ardhi inakwisha na maji ya bahari tatu yanakutana. Kwabena alinieleza rangi, moja hivi na nyingine vile, nikamwomba anyamaze. Niliingia mpaka magotini. Maji yalinivuta huku, yakanivuta kule, na kwa mara ya kwanza tangu niondoke nyumbani niliogopa. Nilinyoosha mkono wa kushoto. Hukuwepo. Nikasimama na fimbo mpaka hofu ikapita.

Dada, sikukuuliza kama ilikuwa surua. Nilikuuliza nani alinitia kitu. Nilimwuliza mtu asiyenijua akanijibu, na wewe uliyenilea umenijibu habari za mbuzi.

Nakumbuka kitu kimoja. Nakumbuka harufu ya tumbaku, karibu sana, na mtu ananiambia tulia, tulia. Nimeifikiria njia nzima. Bibi alikuwa amekwisha kufa. Baba siku zote alikuwa machungani, nyumbani alibaki mama. Nimeanza kuamini ni mama. Kama ni yeye, niambie. Amelala miaka kumi na minne, hakuna tutakalomdhuru nalo. Nitalichukua hilo, nitaishi nalo, na sitauliza tena.

Tutakuwa hapa Nagercoil mpaka mwaka mpya, tunasaidia shuleni. Chuo wanataka jibu langu mwisho wa Januari.

Kefa


Chamwino, 17 Desemba 1988

Kefa,

Marahaba mdogo wangu. Sisi wazima.

Nilitaka kukujibu kwamba ndiyo, ni mama. Nililiandika. Nikalikalia siku mbili, kisha nikaitia karatasi motoni. Mama yetu hakukutia kitu.

Mama alikuwa kijijini Mvumi. Dada yake alifiwa na mtoto kwa surua ile ile, akaenda kuzika. Alisema siku mbili, mvua ikajaza mto, zikawa tano. Baba alikuwa machungani mbali. Nyumbani tulikuwa mimi na wewe. Aliniachia wewe.

Siku ya pili mwili wako uliwaka. Macho yalivimba, yakatoa usaha, hayakufunguka. Ulilia mchana kutwa, unaniita mimi, humwiti mama. Majirani nao wana wagonjwa wao, hakuna aliyekuja. Nikakumbuka bibi. Kuna mwaka ndama wetu aliumwa macho, bibi akatafuna tumbaku, akachanganya na maji ya magadi kwenye kigae, akamtemea ndama machoni. Yule ndama alipona. Nilimwona mwenyewe akipona.

Basi nikatafuta tumbaku ya bibi kule darini. Magadi yalikuwepo ya kupikia mlenda. Nilitafuna mpaka nikatapika. Nilikulaza kichwa magotini nikakushika. Ulipiga mateke. Nikakuambia tulia, tulia. Nilikutia jioni, na asubuhi nikakutia tena, maana ulikuwa umenyamaza nikadhani inafanya kazi.

Mama aliporudi macho yalikuwa meupe. Kigae kilikuwa bado pale chini. Alikiokota, akakinusa. Akanitazama. Kisha akaenda akakiosha, akakirudisha mahali pake. Hakuniuliza. Mpaka anakufa hakuniuliza. Zahanati walipomwuliza alisema surua. Kwa hiyo na mimi nikasema surua.

Sikujua kama ni surua au ni mimi. Miaka yote hiyo nilikuwa najiambia labda ni surua. Sasa daktari wako amesema.

Unajua kwa nini nakushika kushoto? Jicho lako la kushoto ndilo nililoanza nalo.

Hayo ndiyo. Sina la kuongeza. Sikuombi kitu, Kefa. Hata usiponijibu nimeelewa.

Priska


Chamwino, 30 Januari 1989

Mdogo wangu Kefa,

Sisi wazima. Mvua ni nzuri mwaka huu, uwele umefika kiunoni.

Sijapata barua kutoka kwako. Naenda posta kila Jumatano. Labda imepotea njiani. Kama umeamua kubaki huko, ubaki kwa amani. Mwambie tu mtu wa chuo aandike mstari mmoja kwamba uko hai.

Shati lile nimelifua, limekunjwa sandukuni.

Priska


Madras, 9 Februari 1989

Dada Priska,

Shikamoo.

Niko hai. Barua yako ya Januari nimeikuta hapa chuoni. Ile ya Desemba haikupotea. Ilinifikia Nagercoil tarehe nne Januari, mchana, tumekaa barazani pa shule na Kwabena anamenya ndizi. Alifuta mikono akaifungua. Aliisoma kama asomavyo siku zote, polepole, silabi na silabi, bila kupanda wala kushuka. Ma-ga-di. Ki-ga-e. Tu-li-a, tu-li-a. Sauti ile nzito ilinisomea hayo yote kana kwamba ni bei za sokoni. Alipomaliza akaniuliza, "Ni habari njema?" Nikamwambia, "Ni habari za nyumbani." Nikamwomba arudie pale penye ndama. Akarudia. Nikamwomba tena. Mara ya tatu akakataa, akaniwekea mkono kichwani, akaniacha pale.

Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu la kumtajia mtu mwingine silabi kwa silabi. Leo nimerudi chuoni, taipureta ipo, naandika mwenyewe.

Nilikasirika, Dada. Sitakuficha. Tulipanda milima ya upande wa magharibi, kwenye mashamba ya chai, siku kumi na moja, na siku nyingi kati ya hizo sikumsemesha Kwabena. Alitembea mbele akigonga fimbo yake kwenye mawe ili nimfuate. Mara nilikukasirikia wewe, mara mama na kile kigae alichokiosha. Kuna siku nilimkasirikia hata yule ndama. Nilikasirika zaidi kwa jambo ambalo hukuliandika. Nilikuwa najua maishani mwangu kitu kimoja bila shaka, kwamba yupo mtu aliyenishika mkono kwa kunipenda. Ukamkataa Lameck kwa ajili yangu, na nikajiona mtu wa thamani. Sasa sijui. Kila nikikumbuka mkono wako najiuliza ulikuwa mkono gani.

Siku moja kule milimani mvua ilitukuta, tukaingia kwenye kibanda cha wachuma chai. Kulikuwa na msichana amembeba mdogo wake mwenye homa. Mama yao yuko shambani. Mtoto alikuwa analia, na msichana anamwimbia, analia yeye pia, sauti zao zimechanganyika. Nilimwuliza Kwabena yule msichana ni mkubwa kiasi gani. Akasema, "Miaka kumi. Labda kumi na mmoja." Nikamwuliza mikono yake ni mikubwa kiasi gani. Hakuelewa kwa nini nauliza, lakini alishika mkono wangu akanipimia kwa vidole vyake mwenyewe: mpaka hapa.

Sijasema kwamba yamekwisha. Hasira ninayo bado, na nakuja nayo. Chuo nimewajibu kwamba sibaki. Siwezi kulimaliza jambo hili nikiwa Madras, maana wa kuzungumza naye yuko Chamwino. Nataka uniambie habari za siku zile tano zote, na za mama, tukiwa tumekaa, bila mtu wa kati. Na lile swali la mkono, usinijibu kwa barua.

Jambo la Lameck. Wazee wale wape jibu kabla sijafika. Wape jibu lako. Usiwape langu.

Kwabena amenisindikiza mpaka hapa, kesho kutwa anakwenda Bombay kutafuta meli. Sufuria ameichukua yeye.

Naondoka tarehe ishirini na nne. Dar es Salaam nitalala siku moja, kisha treni. Najua unataka kuja stesheni Dodoma. Usije. Nitapanda basi mwenyewe mpaka Chamwino, nitashuka barabarani, na njia ya kwetu naijua kwa miguu. Nimetembea nchi nisiyoijua miezi mitano, siwezi kushindwa na mahali nilipozaliwa. Ukisikia fimbo inagonga uani, usitoke kunipokea. Kaa ndani. Niache nifike, nipige hodi.

Kama kuna herufi nimekosea humu, sikuziona.

Mdogo wako,
Kefa